Nani Aling'oa Chakula cha Chuma?

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, Fundi alipigana vita na uwanja wa nyumba yake. Alivaa kaptura kuukuu. Alishika jembe dogo. Kila jani lililothubutu kuchipua aliling'oa, akalitupa kwenye moto. Alipomaliza, uwanja ulikuwa mtupu kama sakafu.

"Tazama," alimwambia mkewe. "Hata sindano ikianguka hapa, utaiona."

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo, na kamba ya kuanikia ilikuwa nje uwanjani. Katika magugu yote, alilolichukia kwa roho yake yote ni kishonanguo. Bila shaka unakijua. Kina maua madogo meupe yenye kiini cha manjano. Mbegu zake ni nyeusi na nyembamba, zina miba midogo kichwani. Ukipita karibu, zinakung'ang'ania suruali kama zinakudai. Mwaka mmoja zilinasa ndani ya gauni la bibi harusi lililoanikwa pale. Bibi harusi wa watu alijikuna mbele ya wageni wote. Aibu ile Fundi hakuisahau.

Zamani uwanja ule haukuwa hivyo. Baba yake Fundi alipokuwa hai, ulikuwa kichaka. Majirani walicheka. Hata mkewe, mama yake Fundi, ambaye siku hizi wote nyumbani wanamwita Bibi, alimsema kila siku.

"Mzee, ng'oa haya magugu. Tutaumwa na nyoka!"

Mzee alijibu neno moja tu. "Yaacheni. Hapa pana mwenyewe."

Watu wakasema ni uvivu. Mzee alipofariki, Fundi aliusafisha uwanja wote kwa siku moja.

Mzee alimwacha kobe wake. Alikuwa amepewa na kituo cha wanyama, kwa kibali, kobe akiwa mdogo kama kifuniko cha birika. Alimwita Chuma kwa sababu ya ugumu wa gamba lake. Kila asubuhi Mzee aligonga gamba lile kwa kidole na kusema, "Hodi!" Gamba lililia ko, ko, ko, kama mlango. Chuma alitoa kichwa polepole, kama mtu anayesema karibu.

Baada ya msiba, Bibi alirithi kazi ya kupiga hodi.

"Wenzangu wana picha ya marehemu ukutani," alikuwa akisema. "Mimi ninaye Chuma."

Lakini uwanja mtupu ulikuwa na joto kali, bila kivuli. Basi Chuma alihamishiwa jikoni, chini ya meza, juu ya gunia. Na walimpenda, usidhani hawakumpenda. Walimpa mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Walimpa wali. Siku ya furaha walimpa biskuti.

"Huyu si mnyama, ni mtu wa nyumbani," mke wa Fundi alisema kwa majivuno. "Tunachokula sisi, naye anakula."

Asubuhi moja Bibi aliinama chini ya meza.

"Hodi!"

Gamba halikulia. Bibi aligonga tena. Gamba lilibonyea chini ya kidole chake, kama ganda la chungwa. Chuma hakutoa kichwa.

Bibi alipiga kelele mpaka Fundi akajichoma sindano.

*

Daktari wa mifugo waliyemkuta kliniki alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya koti ameikunja mpaka kwenye viwiko. Alimsalimia Bibi kwa heshima. "Shikamoo, bibi." Aliitikiwa. Kisha akamgeuza Chuma, akamtazama tumboni, akabonyeza gamba pande zote. Uso wake ulibadilika.

"Anakula nini huyu?"

"Anakula vizuri sana, daktari," mke wa Fundi alijibu. "Mkate wa maziwa asubuhi, wali jioni."

"Mkate?"

"Ndiyo. Laini kabisa."

"Mkate!" Daktari aliweka kalamu chini. "Jamani! Mnampa kobe mkate na maziwa! Na jua je? Anaota jua?"

"Anakaa jikoni," Fundi alisema. "Hakuna baridi."

"Sikuuliza baridi, nimeuliza jua."

Bibi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Sikilizeni," Daktari alisema. "Kobe wa aina hii ni mla majani. Tumbo lake limeumbwa kwa majani magumu yenye nyuzinyuzi, siku nzima, kidogo kidogo. Mifupa na gamba vinataka madini ya chokaa. Anayapata kwenye majani. Na mwili wake hauwezi kuyatumia madini hayo bila jua. Jua lenyewe, la nje, si la kupitia kioo cha dirisha. Ninyi mmemfungia gizani, mkampa wali. Gamba linalainika. Likiendelea hivi, atakufa."

"Atakufa?" Bibi aliuliza.

"Atakufa, bibi. Ila bado tuna nafasi, tukianza leo."

Fundi alikasirika. Hakupenda kugombezwa mbele ya mama yake.

"Sasa daktari, hayo majani tutayanunua wapi? Sokoni sijaona majani ya kobe."

"Kununua? Wewe huna uwanja?"

"Ninao. Msafi kuliko yote mtaani. Hakuna hata gugu moja."

"Magugu gani unang'oa?"

Fundi alianza kuyataja kwa fahari, kama askari anayehesabu adui aliowaua. Mchunga wenye maua ya manjano. Kishonanguo. Ule mmea unaotambaa wenye maua ya buluu. Nyasi za kila namna.

Daktari alimwacha amalize.

"Umemaliza?" aliuliza. "Basi hicho ulichokitaja ndicho chakula cha Chuma. Chote. Ndicho unachokichoma moto kila wiki."

Bibi akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe.

"Hapa pana mwenyewe."

"Unasemaje, mama?"

"Baba yako! Hakuwa mvivu yule. Alikuwa anamlisha mnyama wake! Na mimi nikamsema miaka yote. Majirani wakamcheka, nami nikacheka nao. Kumbe yale yalikuwa shamba!"

Machozi yalimtoka, lakini yalikuwa ya hasira. Alimgeukia mwanawe.

"Wewe ndiye uliyeng'oa chakula chake. Wewe ndiye utakayekipanda."

"Mama! Mimi nipande kishonanguo? Kwa mikono yangu hii? Watu watasema nimechanganyikiwa!"

"Waseme! Walimsema na baba yako."

Daktari alimchoma Chuma sindano ya madini. Aliwapa mfuko wa nyasi kavu safi za kuanzia. Akawaonya pia.

"Msimpe mmea msioujua. Mkiwa na shaka, niulizeni kwanza. Na kobe wa porini muwaache porini. Msije mkamtafutia mwenzake."

*

Mke wa Fundi hakutaka kungoja mbegu ziote. Alichukua kikapu, akaenda kando ya barabara kubwa, kwenye ukuta mrefu wa kiwanda. Pale palikuwa na mchunga mzuri, mnene. Alikata mpaka kikapu kikajaa. Alipogeuka aliona kitu cha ajabu. Mbele kidogo, majani yote yalikuwa ya manjano, yamejikunja. Na kwenye kona alikuwapo kijana mwenye bomba mgongoni, anapuliza.

"Kaka, unapuliza nini?"

"Dawa ya magugu, dada."

"Na hapa niliposimama ulipuliza?"

"Asubuhi."

"Ulipuliza asubuhi, na hukuweka hata alama?"

"Alama ya nini? Kwani nani anakula magugu?"

Mke wa Fundi alitua kikapu chini. Watu waliokuwa wakipita walisimama.

"Nani anakula? Mbuzi wanapita hapa! Kuku wanadonoa hapa! Watoto wanacheza hapa, wanatia mikono mdomoni! Mnamwaga sumu njiani, halafu mnatuuliza sisi nani anakula?"

"Dada, mimi nimetumwa tu."

"Basi mwambie aliyekutuma kwamba mke wa mshonaji amekasirika! Na wewe funika pua yako. Hiyo sumu unaivuta wewe kwanza, bosi wako hayupo hapa."

Kijana alitazama bomba lake. Alivuta shati, akafunika pua.

Mke wa Fundi alimpigia simu Daktari. "Nikiyaosha vizuri je?"

"Kuosha hakutoshi. Dawa nyingine mmea unainywa mpaka ndani. Yafunge kwenye mfuko, tupa. Nawa mikono kwa sabuni. Usikate kamwe kando ya barabara wala penye shamba linalopulizwa. Pandeni ya kwenu. Ya kwenu mtajua yamelelewa vipi."

Hapo Fundi hakuwa na pa kukimbilia.

*

Kwanza mbegu. Nyuma ya kisima cha zamani kulikuwa na eneo la wazi ambalo hakuna mtu anayelima wala kupuliza dawa. Mke wa Fundi alimpa mumewe suruali ya zamani, ya kitambaa kizito.

"Nenda ukatembee."

"Nikatembee tu?"

"Tembea katikati ya kishonanguo. Mbegu zitakuja zenyewe. Miaka yote zinakufuata bure, leo zikufuate kwa faida."

Fundi alienda huku ananung'unika. Alirudi suruali yote nyeusi kwa mbegu. Mkewe alimkalisha kwenye kigoda, akazing'oa moja moja, akiziweka kwenye kimfuko cha kitambaa.

"Ni mara ya kwanza nafurahi kukuona mchafu hivi," alisema.

"Cheka, cheka. Mteja akiniona nitafunga duka."

Siku ya pili Daktari alipita kumtazama Chuma. Bibi alikuwa amemtoa nje. Walimtengenezea sehemu yenye jua, na pembeni ubao wa kumpa kivuli, na sinia la maji ya kunywa. Daktari aliridhika. Kisha akaona mabeseni ya plastiki yaliyopasuka, yamepangwa ukutani.

"Vizuri. Yana matundu chini?"

"Nimeyatoboa kwa msumari wa moto," Fundi alijibu bila kumtazama.

"Maji yasiposimama, mizizi haiozi. Udongo mmechanganya na mchanga? Sawa. Msitie mbolea ya dukani. Sasa mbegu za mchunga mnazo?"

"Za kule kisimani hazijafika wakati," Fundi alisema.

"Unajuaje?"

Fundi alikunja uso. Hakutaka kusema, lakini alikuwa anajua.

"Ua la manjano hufunga kwanza. Linabaki limefungwa siku kadhaa, unafikiri limekufa. Kisha linafunguka tena, safari hii lina pamba nyeupe. Upepo ukija, pamba inaruka na mbegu. Mimi huwahi kulikata kabla pamba haijatoka. Ukichelewa, umekwisha. Mtaa mzima unaota."

Daktari alicheka mpaka akashika kiuno.

"Fundi! Unawajua adui zako kuliko mimi! Basi sasa usiwahi. Chelewa kidogo. Pamba ikianza tu kuchungulia, kata kichwa chote, weka ndani ya mfuko wa karatasi."

Fundi alijikuta anatabasamu. Alijifuta uso haraka.

Pamba ilipochungulia, walipanda hivi. Mbegu za mchunga walizinyunyiza juu ya udongo, wakazikandamiza kwa kiganja bila kuzifukia, kwa sababu mbegu ndogo namna ile hutaka mwanga ili iote. Za kishonanguo walizifunika kwa udongo mwembamba. Beseni jingine walitia mbegu za nyasi. Bibi alimwagilia kwa kopo lenye matundu, ili maji yaanguke kama manyunyu, yasizisombe mbegu. Udongo ulibaki na unyevu, lakini si tope.

"Na msipande yote kwa pamoja," Daktari alikuwa amewaagiza. "Pandeni beseni moja leo, jingine wiki ijayo, jingine tena baadaye. Hivyo hamtakosa majani. Yakikua, kateni majani ya nje, mzizi muuache. Mmea utachipua tena. Mpeni mchanganyiko, si jani la aina moja kila siku. Na maganda ya mayai muyachemshe, muyakaushe, muyasage, mnyunyize kidogo juu."

Mbegu ziliota. Kwanza kama vumbi la kijani, kisha majani halisi. Fundi alianza kuamka mapema. Alisema anakwenda kutazama nguo kwenye kamba. Hakuna aliyemwamini.

*

Ndipo akaja Shemeji.

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa Fundi. Alikuwa mtu mwema, mwenye nguvu, asiyeuliza maswali. Alikuja kuwasalimia. Siku hiyo Fundi alikuwa na mzigo wa sare za shule wa kupeleka. Katika mabeseni aliona vichipukizi vya mimea asiyoijua vimeingia kati ya majani ya Chuma. Alikuwa na haraka.

"Shemeji, nisaidie jambo moja. Nipalilie yale mabeseni."

"Hilo tu? Nenda salama, shemeji."

Fundi akaenda. Mkewe na Bibi walikuwa kliniki na Chuma. Walirudi wote karibu wakati mmoja. Shemeji aliwapokea mlangoni, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Nimemaliza! Ilikuwa kazi. Yalikuwa yamejaa magugu, sijapata kuona!"

Fundi alikimbia ukutani. Mabeseni yote yalikuwa udongo mtupu, umelainishwa vizuri. Katikati ya beseni la mwisho ulikuwa umebaki mmea mmoja. Mche wa nyanya. Uliota wenyewe, labda kutoka kwenye maji ya kuoshea vyombo. Shemeji alikuwa ameuwekea hata kijiti cha kuegemea.

"Shemeji!" Fundi alipiga kelele. "Umeng'oa chakula chote!"

"Chakula gani? Nimeng'oa magugu! Nyanya nimekuachia!"

"Nyanya! Majani ya nyanya yanamdhuru kobe! Umeng'oa chakula chote, ukaacha sumu peke yake, tena ukaipa na fimbo!"

"Kaka yangu," mke wa Fundi alisema, "macho yako yako wapi?"

Shemeji naye akapandwa na hasira. Alisimama wima.

"Ngojeni kwanza! Mgongo unaniuma, kucha zimejaa udongo, badala ya maji ya kunywa napewa matusi! Shemeji, ulisema nipalilie au hukusema?"

"Nilisema."

"Kupalilia ni nini?"

"Ni... kung'oa magugu."

"Mchunga ni nini?"

"Ni... gugu."

"Kishonanguo ni nini? Wewe mwenyewe ulinifundisha kukichukia! Nani katika dunia hii anamwambia mtu palilia, halafu anakasirika magugu yakitoka?"

Na hapo Shemeji alikuwa na haki. Nasema wazi, alikuwa na haki kabisa. Kosa halikuwa kwenye mikono yake, lilikuwa kwenye neno. Tunaliita jani gugu, kisha tunashangaa kwamba watu wanaling'oa, wanalichoma, wanalipulizia sumu. Gugu ni jani lililoota mahali usipolitaka. Ukilitaka, si gugu tena. Lakini nani atajua unalitaka, kama hujasema?

Bibi alimketisha Chuma kwenye jua. Shingo yake ilikuwa nyembamba. Alitazama mabeseni matupu, kisha akamtazama mwanawe.

"Sasa mtagombana mpaka afe? Mbegu zimebaki?"

"Zimebaki nusu mfuko, mama."

"Basi msisimame."

Waliung'oa mche wa nyanya, wakampa jirani aupande kwake. Wakapanda upya siku ileile. Daktari aliwaongezea nyasi kavu na majani mabichi kutoka nyuma ya kliniki yake, ya kumvusha Chuma. Shemeji alivaa suruali nzito, akapelekwa kisimani kutembea. Alitembea kwa hasira, na kwa hiyo alileta mbegu nyingi sana.

Jioni Fundi alikaa kwenye cherehani. Alishona vipande vya kitambaa cheupe, akavitarizi kwa uzi mwekundu, herufi kubwa. Kila beseni lilipata chake. Viliandikwa:

CHAKULA CHA CHUMA. USING'OE.

Shemeji alisoma kimoja, akasoma tena.

"Ungeandika hivi mwanzo," alisema, "nisingeumwa mgongo."

*

Gamba haliponi haraka. Yeyote atakayekuambia linapona kwa wiki moja ni mwongo. Mvua zilikuja, zikapita. Mabeseni yalizidi, kisha Fundi akatenga robo ya uwanja, mbali na kamba ya nguo. Maua machache aliyaacha yatoe mbegu. Mengine aliyakata mapema, ili upepo usipeleke mbegu kwa majirani wasiozitaka. Chuma alitembea humo tangu jua likiwa dogo, akikata majani kwa mdomo wake mgumu, chap, chap. Mkate hakuuona tena. Bonde kwenye gamba lilibaki, na Daktari alisema litabaki siku zote. Lakini macho ya Chuma yaling'aa, na miguu ilimbeba.

Asubuhi moja Bibi aliinama kwenye majani.

"Hodi!"

Ko, ko, ko.

Bibi alivuta mkono, akakipuliza kidole chake.

"Kimeniuma!" alisema kwa furaha. "Njooni! Kidole kimeniuma!"

Wote walitoka mbio. Chuma alikuwa ametoa kichwa, jani la mchunga linaning'inia mdomoni.

Kelele ile ilimvuta jirani. Alichungulia juu ya ukuta, akautazama uwanja, akatikisa kichwa.

"Fundi, ndugu yangu, siku hizi uvivu umekuingia? Tazama magugu yalivyojaa! Unakuwa kama marehemu baba yako."

Damu ilimpanda Fundi. Aliinua mkono kuelekeza maandishi yake mekundu. Alitaka kumweleza mambo ya chokaa, ya jua, ya mkate, na ya miaka yote ambayo mtaa ulimcheka mtu aliyekuwa akifanya kazi yake. Lakini maneno yaliyotoka yalikuwa machache, tena kwa ukali.

"Yaache. Hapa pana mwenyewe."

Bibi aliyasikia. Aliinama, akapiga hodi kwa mara nyingine, ingawa Chuma alikuwa ameshatoa kichwa.